Mama Taja na Swali la Sukari

Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti vyake, na huko ndiko lilikobaki. Shuleni walimwita Mama Taja, na sababu yenyewe haikuhitaji mpelelezi. Chukua karatasi yoyote ya mtihani wa kemia aliyowahi kuitunga mama huyu, soma swali la kwanza: Taja sifa tano za gesi. La pili: Taja hatua za kusafisha maji. La tatu, taja tena. Ukifika la mwisho unakuta ameandika "Orodhesha", unadhani leo kabadilika, kumbe ni taja ile ile imevaa koti.

Mwenyewe alilijua jina hilo na wala halikumchoma. Limchome kwa lipi? Watoto wake walifaulu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha pili ndio uliochuja nani aendelee na sayansi na nani aende kwingine, na karatasi ya kemia aliitunga yeye. Kila mwaka watoto waliyameza madaftari, wakayatapika kwenye karatasi, wakapita. Wazazi walifurahi, mkuu wa shule alifurahi, na Mama Taja alisahihisha upesi kwa sababu majibu yalifanana kama sare. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu ataamka asubuhi aivuruge kazi inayokwenda hivyo? Huyu aliivuruga, na aliyemponza ni Kasuku.

Kasuku si ndege. Ni binti wa kaka yake, na baba yake mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa tangu mdogo alikuwa akisikia neno mara moja analirudisha lilivyo, pumzi kwa pumzi. Kaka mtu ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho yuko kule, akaona mtoto akae kwa shangazi yake karibu na shule. Siku aliyomleta alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Dada, mtoto nimekukabidhi. Huyu roho yake iko kwenye ufamasia. Asipoingia sayansi, ndiyo basi tena." Mama Taja akamjibu, "Kaka, mtihani natunga mimi, wasiwasi wa nini?" Maneno mengine bora mtu ayameze tu.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa jikoni. Mama Taja alikuwa anakatakata vitunguu, Kasuku anamimina chai, na mume wa Mama Taja, fundi cherehani, ameketi kwenye stuli na tepu yake shingoni. Mzee huyo hata akienda kuoga, tepu ndiyo huvuliwa mwisho. Kasuku alitia sukari kwenye kikombe cha mjomba wake, akakoroga, akachungulia ndani.

"Tayari mjomba, imeyeyuka."

Fundi ni mtu wa mizaha, hawezi kuacha neno lipite. "Imeyeyuka ikaenda wapi? Isije ikawa umenipunja."

"Imeisha. Moto wa chai umeiyeyusha, haipo tena."

"Haipo? Sasa huu utamu wa nani?"

Kasuku alicheka. "Utamu umebaki, mjomba. Sukari ndiyo imeisha."

Mama Taja aliweka kisu chini. Wiki ile ile Kasuku alikuwa ameongoza darasa zima kwenye jaribio la kemia, na mojawapo ya maswali lilisema: Taja tofauti kati ya kuyeyuka na kumumunyika. Kasuku alizitaja zote bila kukosa hata nukta, na Mama Taja akampa vema zake zote, akamchorea na kinyota pembeni. Mwalimu ni mwalimu, lakini shangazi ni shangazi.

"Hebu Kasuku. Kumumunyika ni nini?"

Mtoto alisimama wima pale pale, birika mkononi. "Kumumunyika ni kitendo cha kiyabisi kutawanyika chembe kwa chembe ndani ya kimiminika na kufanya mmumunyo."

"Na kuyeyuka?"

"Kuyeyuka ni kitendo cha kiyabisi kugeuka kuwa kimiminika kwa sababu ya joto."

"Vizuri. Sasa sukari hapo kikombeni imefanya nini?"

"Imeyeyuka, shangazi."

"Mbona usiseme imemumunyika?"

Kasuku alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama vile ameulizwa kwa nini hajavaa sare Jumamosi. "Si hilo ni neno la mtihani, shangazi? La nyumbani ni kuyeyuka. Nyumbani kumumunya ni pipi."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Mama Taja hakucheka. Alirudi kwenye vitunguu vyake, na machozi yaliyomtoka, vitunguu vilisingiziwa tu. Alikuwa na hasira, si ya mtoto, ya nafsi yake. Huyu ndiye wa kwanza darasani. Kama wa kwanza anaamini sukari ikikorogwa imetoweka duniani, wa mwisho anaamini nini? Halafu mtoto mwenyewe anataka kuwa mfamasia! Mfamasia anayedhani dawa ikishakorogwa kwenye maji imeisha, Mungu atunusuru sisi wagonjwa.

Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mkuu. Mkuu wa shule ile alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la heshima na woga wa wazazi. Alimsikiliza Mama Taja akieleza kwamba mtihani wake haupimi kitu ila kumbukumbu, kwamba mtoto anaweza kupata mia na asijue kilichomo kwenye kikombe chake mwenyewe, na kwamba mwaka huu anataka kuutunga upya wote.

"Mama, usituletee balaa," alisema Mkuu. "Mtihani wako unafahamika. Unataka kuwaamsha waliolala?"

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa, Mkuu. Kuwaamsha."

"Na wakifeli? Wazazi wakija hapa nitawaambia nini? Halafu una mtoto wako mle ndani. Ukiutunga mgumu akafeli, kaka yako atakulaumu. Ukiutunga mwepesi akapita, watu watasema umembeba."

Hilo Mama Taja alikuwa amekwisha kuliwaza. Mtihani wa zamani, Kasuku angeupita amefumba macho, aingie sayansi akipeperusha bendera, kisha azame huko mbele ambako hakuna wa kumtajia. Mtihani mpya ungeweza kumnyima hata huo mlango. Alimjibu Mkuu kwamba analijua hilo, na akaomba nafasi moja tu ya kujaribu. Mkuu alikubali aanze na jaribio dogo la katikati ya muhula, likiharibika, zile taja zirudi kazini kwao.

Basi mama wa watu alitulia sebuleni na kalamu, akaamua kuwaandikia watoto kwa lugha ya kawaida, lugha ya jikoni, asiwatishe na misamiati. Swali lake la kwanza, na alilipenda kweli, lilikuwa hili: Kwa nini sukari huyeyuka upesi kwenye chai ya moto kuliko kwenye maji ya baridi? Eleza.

Darasa zima lilianguka, na si kujikwaa, ni kuanguka kifudifudi. Karatasi baada ya karatasi zilieleza kwamba chai ina joto la kugeuza kiyabisi kuwa kimiminika, na kwamba maji ya baridi hayana joto hilo. Sasa chai hata ichemke vipi haifikii joto la kuyeyusha sukari. Mama Taja alichora mikasi ya makosa kwa kalamu nyekundu mpaka kidole kikamuuma. Kasuku naye alipata alama ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Kabla ya saa ya chai, watoto walikuwa wamekwisha kubadilisha herufi mbili tu kwenye jina la mwalimu wao. Sasa alikuwa Mama Tega.

Mkuu hakumgombeza. Alimtazama tu kwa huruma, na huruma ya bosi inauma kuliko matusi. Jioni simu ikalia, kaka mtu, yuko njiani na lori linanguruma nyuma ya sauti yake.

"Dada, mtoto amenipigia analia. Hivi umemfelisha mwanangu kwa kijiko cha sukari?"

"Kaka, lile ni jaribio tu..."

"Leo jaribio, kesho mtihani wenyewe. Nilikukabidhi mtoto uliyesema utamsaidia. Rudisha mitihani yako ya zamani, dada, watu tulishaizoea." Akakata.

Mama Taja alikaa na simu mkononi. Maji yalikuwa yamezidi unga, na kusema kweli alikuwa ameshaamua: kesho angekwenda kwa Mkuu, aseme yamemshinda, zirudi taja. Ndipo Kasuku akatoka chumbani macho yamemvimba, karatasi yake mkononi. Mtoto yule hakuwa na tabia ya kumjibu mkubwa. Lakini siku hiyo yalikuwa yamemfika shingoni.

"Shangazi, naomba niseme."

"Sema."

"Wewe ndiye uliyeandika 'huyeyuka'. Hapa, soma. Darasani ulitufundisha kuyeyuka ni joto linageuza kiyabisi kuwa kimiminika. Umeuliza kwa nini inayeyuka, nikakueleza habari ya joto. Nimekujibu ulichoniuliza! Ulitaka nijuaje kwamba wewe mwenyewe ulimaanisha kumumunyika?"

Mama Taja alivaa miwani. Akalisoma swali lake. Akalisoma tena. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekalia lake wiki nzima. Katika kutafuta lugha ya nyumbani alikuwa amelibeba na kosa la nyumbani, lile lile lililomtoa machozi jikoni, akaliandika kwa mkono wake, kisha akawachapa watoto mikasi kwa kulisoma lilivyo.

"Ole wangu," alisema. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kumbe iko usoni. Akamvuta mtoto, akamkumbatia. "Umenishika, Kasuku. Umenishika hasa."

"Kwa hiyo sijafeli?"

"Aliyefeli ni mimi. Wewe bado sijakupima."

Asubuhi aliingia darasani, akawaambia mbele ya wote kwamba swali lilikuwa bovu, kosa ni lake, na alama zile zimefutwa. Watoto walitazamana, maana hakuna mtoto aliyewahi kumsikia mwalimu akiyasema maneno hayo kwa mfululizo. Kisha mmoja wa nyuma akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Hakurudi kwenye taja. Kosa lilikuwa limemfundisha kwamba swali nalo ni la kujaribiwa kabla halijamjaribu mtoto. Basi akaanza utaratibu mpya. Kila swali alilotunga aliwapelekea kwanza wanafunzi wa kidato cha juu wakati wa mapumziko, akawaambia wasijibu, wamwambie tu wameelewa wanaulizwa nini. Mama yangu, mambo aliyoyasikia! Aliuliza habari ya "nguvu" ya asidi, mmoja akaelewa misuli. Aliandika "gesi", mwingine akaona jiko la kwao. Nyumbani alimsomea Fundi, naye Fundi alikuwa hakimu mkali. "Hilo sijui unataka nini," alikuwa akisema, sindano mdomoni, "na ningekuwa mwanafunzi wako ningeandika dua." Swali likarudi mezani likakatwa upya. Polepole maswali yakaanza kunyooka, na Mama Taja akaanza kuyapenda kwa namna ambayo hakuwahi kuzipenda zile taja zake.

Akabadilisha hata ufundishaji wake. Badala ya kuwaambia watoto kitakachotokea, aliwataka waseme kwanza wanachodhani, wafanye, waeleze walichokiona hata kama kimewaaibisha. Kasuku aliteseka kuliko wote. Alizoea kuwa na jibu kabla ya swali, na sasa alikuwa akisimama mbele ya meza ya maabara mikono imelegea, anauliza, "Shangazi... mwalimu, niandike nini?" "Andika ulichoona." "Lakini nilichoona ndicho chenyewe?" Siku nyingine alirudi nyumbani amenuna, hasemi na mtu, na Mama Taja akilala alijiuliza kama hamponzi mtoto wa watu.

Mkuu, kwa upande wake, alikubali nusu njia. Taja chache zibaki mwanzoni mwa mtihani, sehemu kubwa iwe ya maabara. Lakini karatasi zisahihishwe na mwalimu wa fizikia, yule waliyemwita Rula kwa kunyooka kwake, ili pasiwe na maneno ya upendeleo. "Na anayekosa nusu haendi sayansi," alisema Mkuu. "Hata awe wa nyumbani kwako."

"Hasa akiwa wa nyumbani kwangu," Mama Taja alijibu.

Siku ya mtihani, maabara ilipanguswa meza zote. Kila mtoto alikuta mbele yake visahani vitatu vya unga mweupe, chupa ya maji, kijiko cha chuma na taa ndogo ya spiriti. Maelezo yalisema: Kimoja ni chumvi, kimoja ni sukari, kimoja ni unga wa ngano. Usionje. Tafuta kipi ni kipi, na ueleze umejuaje. Mwanafunzi aliyeshika tofauti ya kuyeyuka na kumumunyika kwa vitendo angetamba. Sukari inamumunyika kwenye maji na inayeyuka kwenye kijiko juu ya moto. Chumvi inamumunyika, lakini kwenye kijiko inakaa tu inakutazama. Unga haufanyi lolote kati ya hayo, unachafua maji na kuungua.

Mama Taja hakuruhusiwa kuingia. Alipita mbele ya dirisha la maabara mara nyingi kuliko mtu mwenye shughuli, na kila alipochungulia alimwona Kasuku amekunja uso juu ya kisahani cha kati, anakoroga, anainua chupa kwenye mwanga, anamwaga, anaanza upya. Wenzake walikuwa wameshaanza kuandika. Wengine walikuwa wanatoka. Kasuku alikuwa bado anakoroga, na shangazi yake huku nje roho iko juu juu.

Rula alisahihisha kwenye meza ya mwisho ya ofisi ya walimu, amejikunja kama mshona viatu. Mama Taja alikaa meza ya pili na madaftari ya kidato cha kwanza, akijifanya anasoma. Watoto wengi walikuwa wanapita, hilo alilijua kwa jinsi Rula alivyokuwa akiguna kwa kuridhika. Alama kubwa kubwa za zamani hazikuwapo, lakini wengi walikuwa wanavuka mstari kuliko Mkuu alivyohofia. Kisha Rula akaisoma karatasi moja, akairudia, akairudia tena.

"Mama," alisema mwishowe. "Nisamehe. Mtoto wako amekosa nusu. Padogo sana, lakini amekosa."

Mama Taja alimwona kaka yake akilini, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Basi amekosa," alisema. "Andika."

"Nimekwisha kuandika. Ila kuna kitu kinanikera. Sukari kaijua, unga kaujua, kaeleza vizuri kabisa. Kisahani cha kati, chenye alama nyingi kuliko vyote, ambacho ni chumvi na mtoto mchanga angejua ni chumvi kwa kuwa ndiyo imebaki, amekataa kuandika. Sikiliza alivyosema." Rula akasoma: "'Kisahani cha kati si kitu kimoja. Nimekoroga mara nyingi. Kuna kilichomumunyika na kuna kilichogoma, kikafanya maji kuwa meupe. Siwezi kuandika ni chumvi kwa sababu si chumvi peke yake. Asiyeamini achuje.'" Aliweka karatasi chini. "Asiyeamini achuje! Huyu mtoto ananitunishia msuli?"

Mama Taja alitamani kuruka. Alitamani kuinyakua ile karatasi. Lakini alikuwa amemkubalia Mkuu, na msahihishaji si yeye. "Mimi sina ruhusa ya kusema neno," alisema. "Mwongozo wa kusahihisha unao wewe."

"Mwongozo unasema chumvi."

"Basi."

Rula alikaa akigongagonga kalamu. Kisha akasimama, akachukua ufunguo wa maabara, akatoka. Dakika zile, nakwambia, Mama Taja alisoma daftari moja la kidato cha kwanza limepinduliwa juu chini na hakugundua. Aliomba kila dua anayoijua.

Aliporudi, Rula alikuwa ameshika karatasi ya kuchujia imelowa, inadondosha maji sakafuni, na nyuma yake amefuatana na mhudumu wa maabara anayejikuna kichwa. Katikati ya ile karatasi kulikuwa na ujiuji mweupe, wazi kama mchana.

"Nimechuja," alisema Rula. "Mtoto yuko sawa. Mwongozo wako ndio umekosea."

Mhudumu alijitetea kwamba kijiko alichochotea unga ndicho alichochotea na chumvi ya meza za mwisho za maabara, ya Kasuku ikiwamo. "Nikaona ni cheupe kwa cheupe, itadhuru nini?" Rula akapekua karatasi za wengine wa meza zile. Wote walikuwa wameandika chumvi. Mmoja alikuwa ameandika kwamba maji yamekuwa meupe, kisha akayakata maneno hayo kwa mstari ulionyooka kabisa. Aliona, akajikana macho yake, kwa kuwa karatasi ilisema vitu ni vitatu. Hata Kasuku wa mwanzo wa mwaka angefanya hivyo hivyo.

Rula aliketi, akafuta alama ya Kasuku, akaandika nyingine, akatia sahihi pembeni. Ilikuwa juu ya nusu, tena kwa mbali. Hapo Mama Taja alilia, wazi, katikati ya ofisi, na safari hii hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. Mkuu aliyekuwa anapita aliingia kuuliza nani amefariki. Wakamweleza. Akaitazama ile karatasi iliyolowa, akamtazama Rula.

"Kwa hiyo msahihishaji naye amefanya mtihani?"

"Amefanya, Mkuu."

"Amepita?"

"Kwa kurudia," alisema Rula, na Mkuu akacheka mpaka tumbo lake la heshima likatikisika. Alipotulia alimwambia Rula kwamba mwaka ujao fizikia nayo itungwe namna ile.

Jioni Mama Taja alimpa Kasuku habari zote na simu, ampigie baba yake mwenyewe. Yeye akaenda jikoni, akaacha mlango wazi kidogo, maana masikio hayana pazia. Kasuku aliweka sauti ya simu juu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya nipe habari, umepita?"

"Baba, ngoja nikueleze. Kulikuwa na visahani vitatu, sasa kile cha kati kilinisumbua. Nilikoroga kikagoma. Nikasema labda maji machache, nikaongeza, bado. Unajua kitu kikimumunyika maji hubaki yanapitisha mwanga? Sasa haya yalikuwa meupe, nikajiuliza, chumvi gani hii? Kumbe ukiwa na vitu viwili, baba..."

"Kasuku."

"...kimoja kinaingia ndani ya maji, unaweza hata kudhani kimeisha, kumbe kimo, kimo kabisa, ukiyakausha maji unakipata chote, na kile kingine..."

"Kasuku! Mwanangu, nimeegesha lori pembeni ya barabara kwa ajili yako. Umepita au hukupita?"

"Nimepita, baba, nimepita. Sasa hapo ulipo una maji?"

Jikoni, Mama Taja aliacha kuosha vyombo ili asikie. Upande wa pili mlango wa lori ukafunguliwa, kitu kikaburutwa, chupa ikagongana na chuma.

"Ninayo," alisema kaka yake. "Nifanye nini?"